Chai nyeupe isiuzwe kama dawa

Katika maduka makubwa ya Kigali, na zaidi katika simu za wakazi wake, chai nyeupe inasifiwa kwa maneno ambayo hata kahawa ya Rwanda haijawahi kupewa. Inaelezwa kwamba inapunguza uzito, inashusha shinikizo la damu, inatibu kisukari, inazuia saratani, inatoa sumu mwilini na kumrudishia mtu ngozi ya ujana. Madai hayo yanafaa kuchunguzwa kabla hayajazoeleka, kwa sababu wanaoyasikiliza kwa makini zaidi ni wagonjwa.

Kwanza jina lenyewe. Mteja akiomba "chai nyeupe" katika mkahawa wa Nyamirambo au Biryogo, huenda akaletewa kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi, na mhudumu atakuwa hana kosa. Watu wa Afrika Mashariki wamezoea kuita chai kwa kilichotiwa ndani yake au kilichokosekana: kuna chai ya maziwa, na ile isiyo na maziwa ni chai ya rangi kwa Watanzania, sturungi kwa Wakenya, mukaru kwa Wanyarwanda. Chai nyeupe inayotangazwa sasa haina maziwa hata tone. Inatokana na mmea ule ule unaotoa chai nyeusi na chai ya kijani, yaani Camellia sinensis. Tofauti iko kwenye uchumaji na kiwandani.

Kwa chai ya kawaida, mchumaji hukata majani mawili na chipukizi lao. Kiwandani majani hunyaushwa, hukatwakatwa na mashine, huachwa yapigwe na hewa mpaka yageuke rangi ya kahawia, kisha hukaushwa kwa moto. Chai ya kijani hupitishwa kwenye mvuke au joto mapema ili isigeuke rangi. Chai nyeupe ndiyo inayosumbuliwa kidogo kuliko zote. Huchumwa machipukizi machanga ambayo bado yamejikunja, yenye manyoya meupe yaliyoipa chai hiyo jina lake, wakati mwingine pamoja na jani la kwanza; yananyaushwa polepole, yanakaushwa, basi. Wachina wa jimbo la Fujian, hasa eneo la Fuding, ndio wenye sifa ya kuitengeneza tangu zamani.

Rwanda inalima chai tangu 1952. Mashamba yake yako kwenye miteremko ya milima, mengine zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mabonde ya tindiga yaliyochimbiwa mifereji ya kutoa maji. Sehemu kubwa ya mavuno hugeuzwa chai nyeusi ya kusagwa, hupakiwa magunia na kwenda Mombasa, kwenye mnada unaouza chai ya nchi nyingi za ukanda huu, na huko chai ya Rwanda mara nyingi hupata bei za juu. Viwanda vichache vimejaribu njia nyingine. SORWATHE, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1975 huko Kinihira, wilaya ya Rulindo, kaskazini mwa Kigali, hutengeneza pia chai ya kijani na chai nyeupe. Kwa hiyo mkazi wa Kigali hahitaji kuagiza chai hii kutoka Uchina. Inachumwa mwendo mfupi wa gari kutoka nyumbani kwake.

Hilo ni jambo la kujivunia, na bei yake kubwa ina sababu. Kwa chai ya kawaida, kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai iliyokaushwa. Chai ya machipukizi matupu inamtaka mchumaji achague kwa vidole, moja baada ya jingine, maelfu kwa maelfu, kutoka kwenye vichaka ambavyo havitoi mengi kwa siku moja. Pakiti ndogo ikiuzwa mara kadhaa ya bei ya chai ya kawaida, mnunuzi analipia mikono ya watu. Muuzaji mwenye akili angelisema hilo kwa sauti. Badala yake wengi wamechagua kuuza tiba.

Tiba hiyo imetoka wapi? Haikuzuliwa yote. Mwaka 2000 watafiti wa Linus Pauling Institute, katika Chuo Kikuu cha Oregon State nchini Marekani, walitangaza kwamba chai nyeupe ilionyesha nguvu ya kuzuia mabadiliko mabaya ya vinasaba katika majaribio ya bakteria. Mwaka 2009 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwamba dondoo la chai nyeupe lilipunguza ujazaji wa mafuta katika chembe za mafuta za binadamu zilizokuzwa maabara. Mwaka huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kingston nchini Uingereza walipima dondoo za mimea mbalimbali na kukuta ile ya chai nyeupe ikizuia kwa nguvu vimeng'enya vinavyovunja nyuzi za ngozi. Kazi hizo zote ni za kweli na zilifanywa na wataalamu. Zikapita kwenye matangazo, na zilipotoka upande wa pili bakteria wamekuwa mgonjwa wa saratani, chembe ndani ya sahani ya maabara zimekuwa tumbo la mtu, na kimeng'enya kimekuwa uso wa bibi harusi.

Kati ya sahani ya maabara na mwili wa mama anayeuza ndizi Kimironko kuna safari ndefu. Kemikali inayosifiwa ndani ya chai, jamii ya katekini, lazima ipite tumboni, ifyonzwe na utumbo, ipite kwenye ini, na kinachobaki ndani ya damu ni kidogo sana kikilinganishwa na kile kinachomwagwa juu ya chembe katika jaribio. Ndiyo maana dawa halisi hupimwa kwa watu, kwa miaka, na kwa kulinganisha wanaoitumia na wasioitumia. Majaribio ya namna hiyo kwa chai nyeupe peke yake ni machache na madogo.

Kwa chai ya kijani, ndugu yake wa karibu, yamefanywa mengi, na majibu yake ni ya kutuliza pupa. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2012 kuhusu chai ya kijani na unene yalikuta kwamba uzito uliopungua ulikuwa mdogo kiasi cha kutokuwa na maana kitabibu. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikataa ombi la kuandika kwenye pakiti kwamba chai ya kijani inapunguza hatari ya saratani, ikaona kuwa haielekei kabisa kufanya hivyo. Kama chai ya kijani, yenye tafiti lukuki, imeshindwa kupata kibali hicho, chai nyeupe inakipata wapi?

Upo utafiti mmoja ambao wapenzi wa chai wanaweza kuutaja bila haya. Ulichapishwa mwaka 2022 na kuhusisha karibu watu nusu milioni nchini Uingereza, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 9 hadi 13 wakilinganishwa na wasiokunywa chai. Lakini karibu tisa kati ya kila wanywaji kumi katika utafiti huo walikunywa chai nyeusi, ile ile ya kawaida, na matokeo hayakubadilika kwa waliotia maziwa. Ushahidi mkubwa unaomfaa muuzaji wa chai nyeupe umeletwa na wanywaji wa chai isiyo nyeupe. Tena utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kwamba chai ndiyo iliyowaongezea umri. Huenda wanywaji chai wanatofautiana na wengine kwa mambo mengi ya maisha.

Basi chai nyeupe haina faida? Inayo, na kubwa kuliko zote ni ile ambayo haiandikwi kwenye pakiti: watu huinywa bila sukari.

Ladha yake ni laini, ina utamu wa mbali kama wa nyasi kavu au asali nyepesi, na vijiko vitatu vya sukari vinaiua kabisa. Anayeizoea huacha sukari bila kuhubiriwa. Hesabu yake ni rahisi. Kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4 za sukari. Mtu anayetia vijiko vitatu kwa kikombe na kunywa vikombe vinne kwa siku, jambo la kawaida kwa fundi, dereva au karani wa Kigali, amekunywa gramu 48. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya mtu kwa siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na linasema ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25. Fundi huyo amefikia ukomo wake kwa chai tu, kabla ya soda na mandazi. Akihamia chai nyeupe isiyo na sukari atapungua uzito pengine, na ataishukuru chai. Angehamia mukaru usio na sukari angepata matokeo yale yale kwa bei ya chini sana.

Hapo ndipo penye ukweli wa jambo lote, na wauzaji hawapendi kupagusa kwa sababu hapauzi pakiti.

Jambo la pili halitajwi kabisa, nalo kwa Rwanda ni zito kuliko sukari. Chai, ya rangi yoyote, inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye vyakula vya mimea. Kemikali zile zile zinazosifiwa kwa kuzuia saratani hushikamana na chuma tumboni na kukifanya kisifyonzwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 katika jarida la lishe la Uingereza ulikuta kwamba kikombe cha chai nyeusi kinachonywewa pamoja na chakula kilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 79 hadi 94, na kutia maziwa hakukubadilisha sana hali hiyo. Vinywaji vingine vyenye kemikali za jamii hiyo vilizuia pia, kwa kadiri ya wingi wake. Chai nyeupe inazo kemikali hizo; weupe wake hauiondoi kwenye kundi.

Kwa mlaji nyama wa kila siku hasara hiyo ni ndogo, kwani chuma cha nyama hufyonzwa kwa njia nyingine. Lakini chakula cha Rwanda ni maharage. Maharage asubuhi yaliyolala, maharage mchana, maharage jioni pamoja na viazi, ndizi au ugali, na dodo pembeni. Chuma cha familia nyingi kimo humo. Nchi imelitambua hilo na kulifanyia kazi: tangu 2010 Rwanda imewapa wakulima mbegu za maharage yaliyozalishwa kwa makusudi yawe na chuma kingi. Mwaka 2013 yalijaribiwa kwa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu huko Huye. Walilishwa kwa siku 128, na hali ya chuma katika damu ya waliokula maharage hayo ikawa bora kuliko ya wenzao waliokula ya kawaida.

Fikiria sasa kazi yote hiyo, ya watafiti, ya wakulima, ya wapishi, halafu sahani ya maharage hayo inasindikizwa na kikombe cha chai. Kiasi kikubwa cha chuma kinaishia chooni. Utafiti wa hali ya watu na afya wa Rwanda wa 2019 na 2020 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, zikiwemo malaria na minyoo, na haitakuwa haki kuitwika chai mzigo wote. Hata hivyo katika nyumba nyingi, Kigali hadi Kigoma, mtoto wa miaka miwili hupewa chai na mkate kama kifungua kinywa, na wazazi huona wamemlisha. Wakiambiwa sasa kwamba chai nyeupe ni dawa, mwenye uwezo atampa hiyo, na kwa nia njema kabisa atakuwa anamnyima mwanawe damu.

Mama mjamzito ana hatari zaidi. Hupewa vidonge vya chuma kliniki, na wengi huvimeza asubuhi kwa kinywaji kilicho mezani, yaani chai. Dawa inayogharimiwa na umma inazuiwa na kikombe. Kwa mjamzito kuna pia suala la kafeini. Imeenea habari kwamba chai nyeupe haina kafeini, au ina kidogo mno, kwa kuwa rangi yake ni hafifu. Rangi si kipimo. Machipukizi machanga ndiyo sehemu ya mmea yenye kafeini nyingi. Mmea huitumia kujikinga na wadudu. Kiasi kinachoingia kikombeni hutegemea wingi wa majani, moto wa maji na muda wa kuyaacha. Mjamzito aliyeshauriwa kupunguza kafeini asihesabu chai nyeupe kama maji.

Dawa ya tatizo la chuma ni saa. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kuiacha chai ikae saa moja baada ya chakula kunapunguza sana madhara hayo. Hakuna haja ya kumnyima mtu kikombe chake. Ale maharage yake, asubiri, kisha anywe kwa raha. Hapo chai nyeupe inafaa kweli: kinywaji cha saa kumi jioni, mbali na mlo, bila sukari, cha kuzungumzia. Wapo Wanyarwanda ambao tayari wanaishi hivyo kwa mazoea, na hawakuhitaji tangazo.

Joto nalo lina neno. Mwaka 2016 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya WHO, ulitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Ugonjwa huo umezidi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi, na chai inayounguza ulimi ni moja ya mambo yanayochunguzwa. Chai nyeupe haitaki maji yanayotokota; ladha yake hutoka vizuri kwenye maji yaliyopoa kidogo, nyuzi 75 hadi 85. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo dakika chache za kusubiri zinatosha kabla ya kumimina. Dakika nyingine chache kikombeni kabla ya kunywa ndizo zinazolinda koo. Chai ya chupa iliyowekwa tangu alfajiri na kunywewa ikifuka moshi haipati rehema hiyo, hata iwe ya bei gani.

Yote hayo yangebaki mazungumzo ya mezani kama si mgonjwa wa shinikizo la damu. Huyu ndiye anayebeba hatari ya matangazo. Ameandikiwa vidonge vya kila siku, anavipata kituo cha afya kwa gharama ndogo kupitia mituweli, lakini vidonge vinamchosha na havina sifa. Akisikia kuna jani la asili linaloshusha presha, linatoka milima ya nyumbani, na mtu fulani limemponya, anajaribu. Mwezi wa kwanza hajisikii vibaya, kwa sababu presha haiumi. Hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huu: huendelea kupanda kimya, na taarifa ya kwanza huweza kuwa kiharusi. Mgonjwa wa kisukari naye yuko hivyo hivyo. Aliyewaambia wanywe chai na dawa zao hakuwakosea. Aliyewaambia wanywe chai badala ya dawa amewatia kwenye hatari ambayo yeye hatakuwepo kuiona.

Kuna pia vidonge na unga wa dondoo, vinavyouzwa kwa kupunguza tumbo. Hivyo si chai tena. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba dondoo za chai ya kijani zinazompa mtu miligramu 800 au zaidi za katekini kuu kwa siku zimeonyesha dalili za kuumiza ini, wakati chai ya kikombe kwa ujumla ni salama. Mtu hawezi kwa urahisi kujidhuru kwa birika. Kwa kopo la vidonge anaweza.

Rwanda FDA, mamlaka ya chakula na dawa iliyoanzishwa kwa sheria ya 2018, ina uwezo wa kusema neno hapa, na inafaa iseme. Bidhaa inayodai kutibu isajiliwe kama dawa na ithibitishwe kama dawa. Isiyoweza, iuzwe kama kinywaji, na maneno ya uponyaji yatoke kwenye pakiti, kwenye bango la duka na kwenye ukurasa wa muuzaji. Wapo watakaolalamika kwamba hatua hiyo inaua biashara changa ya nyumbani. Kinyume chake inailinda. Umoja wa Ulaya una kanuni tangu 2006 inayokataza madai ya afya yasiyoidhinishwa kwenye chakula. Pakiti iliyoandikwa "inazuia saratani" haiwezi kuuzwa halali huko. Kiwanda kinachojifunza kuuza kwa madai hayo Kigali kinajifunzia soko dogo.

Mkulima wa Rulindo au Nyamagabe ana haki zake katika hesabu hii. Tangu mageuzi ya 2012, bei anayolipwa kwa majani mabichi inafuata bei ya chai sokoni. Chai nyeupe ikiuzwa kwa ladha, kwa jina la mlima ilikotoka na kwa kazi ya mikono, inaweza kumletea fedha ambayo chai ya kusagwa ya Mombasa haiwezi, maana kule hupimwa, huchanganywa na kupotelea ndani ya majina ya kampuni za ng'ambo. Ikiuzwa kama tiba, siku ya kwanza gazeti la Ulaya litakapoandika kwamba tiba hiyo ni ya uongo, bei itashuka na atakayelipa ni yeye aliyechuma. Kenya inapaswa kuliangalia hilo pia kwa chai yake ya zambarau, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na kuvishwa sifa za kitabibu za namna hii hii. Kizuri chajiuza, walisema wahenga, na chai ya milima ya Rwanda ni nzuri.

Rwanda iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kiswahili ni lugha rasmi nchini tangu 2017. Pakiti ya chai nyeupe kutoka Kinihira inaweza kufika Bujumbura, Goma, Arusha na Nairobi, na katika miji yote hiyo mnunuzi atasoma sentensi mbili za Kiswahili bila kutafsiriwa. Ya kwanza: inywewe saa moja baada ya chakula, na asipewe mtoto mdogo. Ya pili: haichukui nafasi ya dawa aliyoandika daktari. Nafasi ipo, maneno ya kuahidi ujana yakifutwa, upande mzima wa pakiti unabaki mtupu. Sentensi hizo hizo zingeweza kupewa wahudumu wa afya wa jamii walio katika kila umudugudu, ambao tayari hupita nyumba hadi nyumba kuwapima watoto, na ambao wanajua ni jiko lipi lina birika motoni wakati maharage yanapakuliwa.